Gesi ya Mkwe

Ukimuuliza mama yangu kazi yangu ni nini, atakwambia ninafuta kelele. Ndivyo alivyowaeleza majirani zake kule Lupiro: binti yangu anakaa ndani ya kontena pale Ifakara, anafuta kelele, na mwisho wa mwezi wanamlipa. Majirani wakaguna. Mmoja akauliza kama naweza kwenda kufuta na zile za baa iliyo nyuma ya nyumba yake. Siku ile nilinuna kwelikweli, maana nimesoma miaka mingi na joho nimevaa. Lakini sijaona bado mkuu wa ofisi aliyeieleza kazi yangu vizuri kuliko yeye.

Kampuni iliyoniajiri ilikuwa inatafuta gesi chini ya bonde la Kilombero. Inatafutwaje? Unaleta lori zito lenye bamba la chuma tumboni. Lori linashusha bamba, linatetemesha ardhi kwa muda mfupi, linasogea mbele, linatetemesha tena. Mtetemo unashuka chini, unagonga mwamba, unarudi. Huku juu tumetandaza nyaya zenye vinasa mtetemo, vidude vya ukubwa wa kikombe vyenye mwiba wa kuchomeka ardhini, navyo vinasikiliza kinachorudi. Kompyuta inageuza kilichosikika kuwa picha ya matabaka ya chini. Ni kama kugonga tikiti sokoni kusikia kama limeiva, ila tikiti letu lina ukubwa wa wilaya.

Sasa kinasa mtetemo hakichagui. Kinasikia lori, na kinasikia kila kitu kingine kinachokanyaga ardhi. Ng'ombe wa Wasukuma wakivuka mstari wetu, ninao kwenye kompyuta. Pawatila, lile trekta dogo la kusukuma kwa mkono, ikilima, ninayo. Treni ikikaribia stesheni, picha nzima inatetemeka kama mtu mwenye homa. Nilifika mahali nikiangalia rekodi nawatambua wote: hawa ng'ombe, huyu bodaboda, hii mashine ya kukoboa mpunga ya Mlabani, mtaani kwetu. Kuviondoa vyote hivyo ndiyo kazi yangu, na nikijisifu kidogo, naiweza.

Mwaka ule wakubwa walikuwa na haraka. Mvua zikianza, malori yale yanazama kwenye tope la bonde mpaka mlangoni. Kwa hiyo badala ya lori moja kufanya kazi na jingine kusubiri, ikaamuliwa yatetemeshe yote mawili kwa pamoja, moja upande wa Ifakara na jingine ng'ambo ya mto, upande wa Lupiro. Muda unapungua nusu, lakini mitetemo inachanganyikana. Kinasa kinasikia malori mawili kwa mpigo, na hakijui lipi limesema nini.

Dawa yake ipo na inajulikana. Kila lori lianze kwa wakati wake, ovyoovyo, bila kumwangalia mwenzake. Ukizipanga rekodi kwa kufuata wakati lori la kwanza lilipoanza, mitetemo ya lori hilo inakaa kwenye mstari, na ya lori la pili inatawanyika kama mchele uliomwagika. Kilichotawanyika kompyuta inakijua, inakifagia. Ukitaka la pili, unageuza. Kwa maneno mengine, usalama wetu wote ulikuwa kwenye vurugu, na mshauri aliyeletwa kutoka mbali alituambia hata ratiba haihitajiki. Waacheni madereva, alisema, kila mmoja aanze akiwa tayari. Binadamu akiachwa mwenyewe hana mpangilio. Tukapiga makofi. Hakuuliza madereva wetu ni akina nani, na sisi wenyewe hatukujiuliza.

Picha za kwanza zilipokamilika, katikati yake lilionekana tabaka moja refu, jeusi, limelala bapa kutoka Ifakara mpaka ng'ambo ya mto, kama limepigwa na rula. Bosi wa mradi aliliona akavua miwani, akaivaa, akaivua tena.

"Hiyo ni gesi," akasema.

Jioni ile akaagiza mbuzi. Tabaka likapakwa rangi nyekundu, likachapishwa kwenye karatasi kubwa kama shuka, likakunjwa ndani ya bomba la plastiki, na bosi akalipakata mwenyewe kwenye gari mpaka Dar es Salaam. Aliporudi alikuwa amenunua suti.

Habari za siri za kampuni hufika Mlabani kabla ya chai. Ndani ya wiki moja kinyozi wa mtaani kwetu alibadilisha jina la kibanda chake kikaitwa Gesi. Mtu mmoja akaanza kujenga gesti ya ghorofa, akaishia kwenye ngazi. Bodaboda wakapandisha nauli, ukiwauliza kwa nini wanakwambia mambo yanakuja. Kukawa na semina ya fursa ukumbini, ambapo vijana walifundishwa kutoa kadi za biashara, ingawa biashara zenyewe zilikuwa bado. Hata kanisani tukaiombea gesi, mara tu baada ya kuwaombea wagonjwa. Mimi nilikaa nacheka tu, mpaka siku nilipooneshwa kwenye ramani mahali kisima cha kwanza kitakapochimbwa.

Kilikuwa katikati ya shamba la mama.

Vijana wa kampuni wakaenda wakapiga vigingi vyenye utepe. Mtendaji wa kijiji akaja na pikipiki, akamwambia mama na wenye mashamba ya pembeni wasilime wala wasipande msimu huo, fidia iko njiani. Mama akamuuliza iko njia ipi. Mtendaji akasema hiyo ni namna tu ya kusema.

Labda wewe msomaji hujawahi kukaa Lupiro, kwa hiyo nikueleze. Mama yangu hajawahi kununua mchele maishani mwake. Baba alipofariki alikula mpunga wake, na mafuriko yalipochukua nusu ya shamba akala ile nusu iliyobaki. Kukosa msimu mmoja ni mwaka mzima wa kwenda dukani na kimfuko, watu wakimwangalia, na kwake yeye hilo ni kama kutangazwa kwenye kipaza sauti kwamba amekwisha. Alinipigia simu, akaongea kwa sauti ndogo ambayo sikuizoea.

"Kama kweli ipo, sawa, wachimbe. Kama haipo, wasinikalishe bure. Wewe si ndiye unayeangalia?"

Ndiyo, mimi ndiye niliyekuwa naangalia. Nilikata simu nikiwa na uchungu wa kulia. Nikarudi kwenye kontena, nikalitazama lile tabaka kwa jicho baya.

Nilichokiona kilinikera. Bonde hili lilizaliwa kwa ardhi kupasuka na kushuka, kwa hiyo matabaka yake yote yamevunjikavunjika. Yaliyo juu ya lile letu yamevunjika, yaliyo chini yake yamevunjika, lakini lenyewe limepita kwenye nyufa zote bila hata kuinama. Mwamba hauna nidhamu ya namna hiyo. Nikaenda kwa bosi nikamwambia hiki kitu kinanukia lori la pili. Akanitazama kwa huruma.

"Dada, kelele za lori la pili zinatawanyika. Wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha. Hii imetawanyika?"

Haikuwa imetawanyika. Nikatoka.

Kesho yake nikavuka daraja, nikaenda kukaa ndani ya lori la upande wa Lupiro. Dereva wake ni mtu mpole wa makamo, wa kuongea chini chini, ambaye sikuwahi kumsikia akibishana na yeyote. Redio ya upepo ikakoroma, dereva wa lori la Ifakara akasema yuko tayari, anaanza. Dereva wangu akavua kofia. Tuko wawili ndani ya lori, mto mzima uko katikati, na mtu amevua kofia. Akajibu redioni, "Ndiyo, baba." Mikono akaiweka magotini. Ukapita muda wa kumeza mate, halafu lori letu likaanza kutetemesha lenyewe.

"Nani amewasha?" nikamuuliza.

"Mashine, dada. Nimeweka kitufe cha kufuata."

Hicho kitufe kipo kwa ajili ya malori yanayokwenda kwa msafara. La nyuma linapokea ishara ya la mbele kwa redio, linaanza baada ya muda uleule, kila mara, bila kukosea hata chembe. Yaani ni kitufe kimoja tu katika lori zima ambacho hakikutakiwa kuguswa.

"Kwa nini umekiweka?"

Akaangalia usukani. "Yule wa ng'ambo ni baba mkwe wangu."

Nikamwomba aseme tena, akasema tena, kwa upole uleule. Amemwoa binti wa pili wa yule mzee. Nyumbani hakai naye benchi moja, hatangulii kunawa, hatangulii mlangoni. Wakikutana njiani yeye ndiye anayeingia majanini. Sasa kampuni inamwambia atetemeshe ardhi wakati wowote anaotaka, hata kama mzee yuko katikati ya kutetemesha yake.

"Nimkatize mkwe, dada? Tena kwa lori?"

Siku za mwanzo alikuwa anasubiri kwa mkono, lakini akawa na hofu kidole kisije kikateleza kikamtangulia mzee. Ndipo akaikabidhi mashine heshima yake, kwa sababu mashine haitelezi.

Sikujua nicheke au nilie, nikafanya vyote kidogo kidogo. Lori la pili lilikuwa linaanza baada ya muda uleule, kila kituo, kwa miezi, na ndiyo maana kelele yake haikutawanyika. Ilijipanga mstari mmoja mnyoofu, ikajifanya mwamba. Mbuzi ameliwa, suti imenunuliwa, gesti imefika kwenye ngazi, mama amekatazwa kulima shamba lake, na chini ya yote hayo kulikuwa na mtu mmoja anayemheshimu baba wa mke wake.

Nikamwomba akizime kile kitufe. Akakizima, mtu mwema. Mzee wa ng'ambo akaanza. Huyu wangu akainua kidole, akakiangalia, akakirudisha gotini mpaka mzee alipomaliza kabisa. Tukajaribu tena, jasho likamtoka. Mara ya tatu nikamwonea huruma, nikashuka.

Nikaenda kwa mzee mwenyewe. Ni Mpogoro wa Mahenge, aliendesha malori ya miwa Kidatu mpaka nywele zikawa nyeupe. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba mwanangu, nikamweleza kuanzia mwanzo. Alisikiliza vizuri sana.

"Kwa hiyo kosa la mkwe wangu ni kuniheshimu," akasema.

"Siyo kosa, baba. Ila kompyuta..."

"Unataka nimwite nimwambie aache. Leo nikimruhusu kunikatiza kwenye lori, kesho kwenye kikao cha ukoo atanikatiza. Keshokutwa ataniita kwa jina. Hiyo kompyuta yako itakuja kunisaidia?"

Sikuwa na kompyuta ya namna hiyo. Nikakaa kwenye ngazi ya lori lake nikijikuna kichwa, na pale nikamwona dereva wa akiba anapita na ndoo ya oili. Huyu alikuwa Mngoni kutoka Songea, mwenye leseni na vyeti vyote, lakini wakubwa hawakumpa lori kwa sababu ya mdomo. Alipompita mzee akamwambia asogeze miguu yake ya Kipogoro watu wanaofanya kazi wapite. Mzee akamtukana, akacheka mpaka akakohoa. Walikuwa watani. Nami nimekulia huku, najua mtani ana ruhusa ya kukukatiza hata ukiwa unazika. Anaweza kukaa juu ya jeneza akadai chai, na huwezi kumfanya kitu.

Nikamwendea bosi, nikamwambia tunahitaji kurudia kipande cha mstari ili kuihakiki gesi. Neno gesi likiwemo kwenye ombi, bosi alikuwa anasaini kabla hujamaliza. Mkwe tukampumzisha. Mngoni akapanda lori la Lupiro.

Jamani, nilifaidi. Mzee akasema redioni kwamba anaanza. Mngoni akamjibu, "Anza usianze, mimi nimeshaanza." Mara anamtangulia, mara anamwingilia katikati, mara anakaa kimya mpaka mzee anauliza kama amesinzia, ndipo anawasha. Mzee naye akapandisha mori, akaanza kumvizia. Walikwenda hivyo kutwa nzima, na hakuna mshauri wa kutoka mbali ambaye angeweza kutunga vurugu safi kama ile. Yule mkwe alikuwa chini ya hema la chakula ambako kulikuwa na redio nyingine. Aliposikia baba mkwe wake anavyoambiwa, alichukua sahani yake akaenda kula mbali.

Nikaingia kwenye kontena nikaanza kupanga. Safari hii kelele za lori la pili zilitawanyika kama zilivyotakiwa, hapa tone, pale tone. Nikazifagia. Ilipokuja picha mpya, niliona matabaka yetu ya siku zote, yamevunjikavunjika, mchanga na udongo wa mto na maji. Lile refu jeusi halikuwepo hata kivuli. Nililia kwa furaha, peke yangu, nikifikiria shamba la mama.

Bosi aliitazama ile picha, akavua miwani.

"Irudishe," akasema.

"Nirudishe nini?"

"Gesi."

"Bosi, ile ilikuwa ni mkwe. Gesi haijawahi kuwepo."

"Ile ya kwanza wakubwa wameshaiona. Nikiwapelekea hii, wataniuliza ya kwanza nimeipeleka wapi." Akaikunja picha yangu, akaifungia kabatini. Akasema jambo hili litajadiliwa kwenye kikao kikubwa, na kikao kitakuwa baada ya masika. Mpaka hapo vigingi vibaki vilivyo, na mtu yeyote asilime. Matokeo yote ni siri ya kampuni. Atakayeropoka atakuwa amemwaga unga. Alivyosema hilo la mwisho alinitazama mimi, ingawa ndani ya chumba tulikuwa wawili tu na hakukuwa na mwingine wa kutazama.

Baada ya masika. Mtu aliyesema hivyo anakula wali kila siku, na hajui unatoka wapi. Nje, mvua ilikuwa imeanza na malori yalikuwa yanavutwa kutoka kwenye tope.

Jumamosi nikaenda Lupiro. Mama alinipeleka nyuma ya choo, mahali ambapo mtendaji hana shughuli ya kupita, akanionesha kitalu cha miche ya mpunga. Alikuwa ameisia kimyakimya. Ilikuwa imeshapita kimo. Ikikaa kidogo tu zaidi ingezeeka pale pale, na mche mzee hauzai kitu.

"Nilikuwa nasubiri useme," akasema. "Niliona wewe hutaniacha mpaka izeeke."

Nikamwambia yote, hapo hapo nyuma ya choo. Nilipofika kwenye kofia na kitufe cha kufuata, mama alishika ukuta akacheka mpaka machozi, akasema yule ni mkwe wa kweli, wa kwake mmoja anaingia jikoni mpaka anafunua sufuria. Halafu kicheko kikaisha.

"Kwa hiyo chini hakuna kitu."

"Hakuna, mama. Ni udongo wetu tu."

"Na wakijua umeniambia?"

"Watanifukuza."

Nilidhani atasema tungoje. Akasema, "Basi vua viatu."

Jumatatu sikwenda kazini. Tulikuwa shambani na wanawake wawili wa jirani, tumeinama, maji kwenye vifundo vya miguu, tunapandikiza. Na wanawake wale walikuwa wameshawaambia wenzao, kwa hiyo mashamba ya pembeni nayo yalikuwa na watu. Simu ikaita, alikuwa bosi. Hakunisalimia. Alisema nimetoa siri ya kampuni.

"Siri gani, bosi?" nikamuuliza. "Kwamba gesi ipo, au kwamba haipo?"

Nilimsikia akipumua. Angesema haipo, angekuwa amekubali. Angesema ipo, basi mimi sikutoa siri yoyote, nilisema uongo tu. Alifikiri kwa muda mrefu, nikakaribia kumwonea huruma. Mwishowe akasema nirudishe kompyuta na funguo za kontena, nisikanyage tena pale. Nikasema sawa. Ile ndiyo kazi niliyoisomea, na sijui nyingine.

"Wanasemaje?" mama akauliza, bila kuinuka.

"Wamenifukuza."

Akainuka. Alinyoosha mkono, akaichukua ile simu kutoka mkononi mwangu, akaifunga kwenye pindo la khanga yake isije ikaloa, akanipa fungu jingine la miche.